Pesa inalala wapi? Hesabu za fundi friji wa Arusha zilipohamia kwenye kompyuta

Mdogo wangu ni fundi friji. Alisomea chuo cha ufundi cha VETA, akakomaa kwenye karakana za watu pale mtaa wa Unga Limited, na alipoamua kusimama mwenyewe aliniomba nimshikie hesabu, kwa kuwa mimi ujana wangu wote umepita kwenye stoo na kaunta za hoteli. Wateja wake ni mchanganyiko: wenye mabucha na wauza maziwa wa Kilombero, Sakina na Ngaramtoni, watu wa majumbani, na loji za watalii, za hapa mjini na za kule juu Karatu. Wa nyumbani analipa hapo hapo. Mwenye bucha analipa nusu leo, nusu akishauza. Loji inataka ankara, inakaa nayo, kisha inalipa benki siku inayoijua yenyewe.

Naandika kuhusu programu ya hesabu kwa sababu naona vijana wakishapata TIN na leseni ya biashara, swali la kwanza ni "tutumie programu gani?" Kwetu hilo lilikuja mwisho mwisho.

Kabla hatujanunua wala kupakua chochote, alitutembelea kaka mmoja anayeuza mifumo ya biashara. Mfumo wake ulikuwa mzuri kweli: mishahara, matawi, stoo, michoro ya rangi. Nikamuuliza: mteja akilipa nusu taslimu na nusu kwa simu, na simu yenyewe ni ya fundi, mfumo unaiandika wapi? Akajibu, "Hilo, dada, mtalipanga wenyewe." Sikuona kwamba ananikwepa, maana alisema kweli. Hilo ni la kupanga wenyewe, na likishapangwa, mengine ni kubonyeza tu.

Basi tukakaa jioni moja na karatasi, mimi, mdogo wangu na saidia fundi wake. Pesa ya biashara ikiingia leo, usiku inalala wapi? Wakataja sanduku la karakana, Lipa Namba ya biashara na akaunti ya benki. Nikawaambia endeleeni.

"Na laini yangu ya M-Pesa," mdogo wangu akasema. "Ila ile si yangu, dada? Mteja ananitumia mimi."

"Anakutumia kama nani? Kama mdogo wangu, au kama fundi aliyembadilishia kompresa?"

Akacheka, akaiandika. Saidia fundi naye akaongeza ya kwake: pesa ya safari anayopewa akienda Karatu, ya mafuta, chakula na kulala, ambayo hurudi imepungua, ikiwa na risiti mbili tatu zilizokunjamana. Mimi nikaongeza ile ambayo wengi hawaioni kuwa ni pesa, yaani tunayomwachia muuza spea tukiagiza kompresa ambayo bado iko njiani.

Kila mahali pakawa akaunti kwenye programu, kwa jina tunalolitumia sisi wenyewe: Sanduku, Lipa Namba, Simu ya fundi, Benki, Masurufu ya safari, Amana kwa muuza spea. Orodha ya akaunti inayokuja tayari kwenye programu nyingi ina taslimu na benki, basi. Imetungwa kwa watu wanaolipana kwa hundi na kadi. Hapa kwetu M-Pesa ipo tangu 2008, na kuna wateja ambao sijawahi kuona noti yao.

Kuitenga simu kuna faida ambayo haionekani mpaka mwisho wa mwezi. Tuseme mteja amelipa 150,000 kwa Lipa Namba. Ukiihamishia benki kuna makato, na ukienda kwa wakala kuna makato. Ukiandika kile tu kilichofika benki, mauzo yako kwenye programu yatakuwa pungufu ya mauzo yaliyoandikwa kwenye mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, kwa sababu risiti ya EFD uliyompa mteja inasema 150,000. Kwa hiyo 150,000 nzima inaingia kama mapato kwenye akaunti ya Lipa Namba, na makato yanatoka kama matumizi ya biashara, yenye akaunti yake. Kwa muamala mmoja ni shilingi za kununulia vocha. Kwa mwaka ni gharama inayostahili kuonekana.

Programu yenyewe tuliichagua kwa vigezo vya karakana, si vya matangazo. Umeme hukatika. Intaneti ni ya kununua bando. Kulipia kila mwezi kwa dola, kwa kadi, biashara ikiwa haijajua itaingiza nini, tuliona ni kujifunga kamba mapema, ndiyo maana QuickBooks ya mtandaoni tukaiacha kwanza. Wave inasifiwa sana na watu wa nje, lakini ilishaacha kupokea wateja wapya nje ya Marekani na Kanada, kwa hiyo usipoteze bando. GnuCash ni ya bure na ni imara, ila inamtaka mtu anayejua debiti na krediti tangu siku ya kwanza. Tukaishia kwenye Manager, ile ya kuweka kwenye kompyuta, ambayo haina malipo na haihitaji intaneti. Nilichoipendea ni kwamba vitu usivyovihitaji vinafichwa. Hatujafika mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka yanayomlazimu mtu kama sisi kusajiliwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, na asiyesajiliwa haruhusiwi kutoza ile asilimia 18, kwa hiyo sehemu hiyo haionekani kabisa kwenye ankara zetu. Kuna mhasibu wa mjini anayewafungia watu hesabu za mwaka ambaye angependa tutumie Tally, kwa sababu ndiyo anayoijua. Ana haki yake. Kama kuna mtu utakayemlipa afunge mwaka wako, muulize anafungua nini kabla hujachagua.

Na kama huna kompyuta, daftari la mistari lenye safu zilizopangwa kwa akaunti hizo hizo litakufikisha mbali kuliko programu ya gharama isiyojazwa.

Sasa gesi, ile inayojazwa kwenye friji ili ipoze. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kila biashara ya huduma ina kitu chake kinachofanana na gesi: rangi kwa mpaka rangi, sabuni kwa dobi, dawa ya nywele kwa saluni. Kinanunuliwa kwa wingi, kinatumika kidogo kidogo, na hakuna anayejua kimeishia wapi.

Mtungi wa R134a, mojawapo ya aina za gesi hiyo, unakuja na kilo 13.6. Friji ya nyumbani ya gesi hiyo inakunywa gramu mia moja na kitu, friji mpya za gesi ya R600a zinakunywa makumi ya gramu tu, na chumba cha baridi cha loji kinaweza kumeza kilo kadhaa kwa mara moja. Ukiandika mtungi mzima kuwa matumizi siku uliyoununua, mwezi huo utaonekana wa hasara, na mwezi unaofuata utaonekana wa maajabu, kumbe ni mtungi ule ule. Hivyo gesi yetu iko upande wa stoo, na inahamia kwenye matumizi kadiri inavyotumika.

Hilo ni rahisi kulisema ukiwa mbele ya kompyuta. Aliye mbele ya friji ana mikono yenye mafuta. Kwa hiyo kuna mizani ya kidijitali inayotembea kwenye sanduku la vifaa, na kadi ya kazi yenye visanduku viwili vilivyochorwa kwa mstari mnene: KABLA na BAADA. Mtungi unapandishwa kwenye mizani kabla ya kufungua valvu, namba inaandikwa. Gesi ikishaingia na valvu ikafungwa, namba inaandikwa tena. Hakuna kutoa wala kugawanya, hiyo kazi ni yangu. Na tunaandika kwa gramu, kamwe si kwa kilo, kwa sababu nukta ikisogea kidogo kwenye karatasi yenye mafuta, 0.15 inasomeka 1.5, na hapo umeshamtoza mama wa watu gesi ya friji kumi.

Mwisho wa mwezi mitungi yote inapimwa, nikitoa uzito wa mtungi mtupu uliogongwa kwenye mkono wake, na ninalinganisha na programu inachosema. Haviwi sawa. Kuna gesi inayotumika kutoa hewa kwenye mipira ya geji, kuna ya kuvuja, na kuna ya mshikaji aliyepita jioni na friji yake ya chumbani. Tuna akaunti inaitwa Gesi iliyopotea. Mwanzoni mdogo wangu hakulipenda jina hilo, aliona namshuku. Nikamwambia sishuku mtu, napima. Siku alipoona tarakimu ya mwezi mzima alibadilisha mwenyewe mipira ya geji, na akaanza kuwatoza washikaji bei ya gesi, ufundi bure.

Upande wa mapato tuliweka akaunti tatu: Ufundi, Vifaa na Safari. Wengi huweka moja, Mauzo, wakiona inatosha. Haitoshi ukianza kufanya kazi na loji na makampuni, kwa sababu ya kodi ya zuio. Mlipaji akikulipa kwa huduma anakata asilimia 5 na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato, kwa jina lako. Hiyo asilimia 5 ni ya huduma, si ya kompresa uliyomnunulia. Ankara ya milioni moja iliyoandikwa kwa mkupuo "matengenezo ya chumba cha baridi" itakatwa 50,000. Ankara ile ile ikitenganisha vifaa 600,000 na ufundi 400,000, inakatwa 20,000. Pesa iliyobaki ni ya kununua gesi ya wiki.

Na hiyo 20,000 haijapotea, inabaki kuwa mali yako. Kwenye programu ina akaunti yake, Kodi ya zuio iliyokatwa, na inakaa hapo ikisubiri cheti, ambacho ndicho kitakachokuwezesha kuitoa kwenye kodi yako ya mwaka. Usipoifungulia akaunti, ankara itaendelea kuonyesha kwamba loji inadaiwa 20,000, na utampigia mhasibu wao kudai pesa aliyokwisha kuipeleka serikalini. Siku hizi simpigii kudai pesa, nampigia kudai cheti, na naona ananisikiliza kwa heshima zaidi.

Kodi ya zuio ina upande wa pili unaowakuta wapangaji. Karakana unayopanga kwa ajili ya biashara, wewe ndiye unayetakiwa kukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA. Zungumzeni na mwenye nyumba kabla ya kusaini, si baada. Wengi wao husema wanataka "pesa kamili mkononi", na hapo ujue kodi hiyo imekuwa gharama yako juu ya pango. Iwekeni kwenye bajeti mkijua.

Jambo jingine linalowachanganya watu: ankara nzuri iliyotoka kwenye programu, yenye nembo na saini, siyo risiti ya EFD. Ni vitu viwili. Ninapopokea malipo naandika namba ya risiti ya EFD kwenye nafasi ya kumbukumbu ya malipo hayo, na jioni jumla ya programu inakutana na ripoti ya Z ya mashine, yaani ile ya kufunga mauzo ya siku. Zile karatasi za mashine hufutika maandishi zikikaa kwenye joto, na sheria inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, kwa hiyo napiga picha. Picha na nakala ya faili la programu vinakwenda kwenye flashi inayokaa nyumbani kwangu, mbali na karakana.

Kuhusu mwenye biashara kujichukulia pesa, sitasema mengi. Biashara ni ya jina la mtu mmoja, hajajiajiri kwa mshahara, basi ada ya mtoto na mchango wa harusi haviingii kwenye matumizi ya biashara. Kuna akaunti inaitwa Aliyochukua mwenyewe, na inapunguza mtaji wake. Vifaa alivyokuja navyo, pampu ya vakyumu, geji, mitungi ya kuchomea na pikipiki, tuliviingiza upande wa pili kama mtaji aliouleta, kwa bei ambayo vingeuzwa siku hiyo pale pale Unga Limited. Alifurahi kuona kwamba alianza na kitu.

Kilichonionyesha kwamba mpangilio wetu unafanya kazi ni mama mmoja muuza maziwa wa Ngaramtoni. Alibadilishiwa kompresa mali kauli, akawa analipa kidogo kidogo kila akiuza. Siku moja akaja karakana na kidaftari chake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja tuhesabiane. Mimi naona nimebakiza elfu thelathini."

Programu ilisema arobaini. Nikamchapia taarifa yake, tukaweka kidaftari pembeni yake, tukashuka mstari kwa mstari, yeye akifuata kwa kidole. Elfu kumi moja ilikuwa kwake, kwetu haipo. Alikumbuka siku: mtandao wa Lipa Namba ulisumbua, akamtumia "yule kijana" kwenye simu. Nikafungua akaunti ya Simu ya fundi, ambayo salio lake lilikuwa halijakutana na taarifa ya M-Pesa kwa tofauti ya elfu kumi kamili. Nilikuwa nimeshaiona tofauti hiyo, nikawa namtafuta mwenye pesa hiyo. Ikahamishwa kwenye ankara yake hapo hapo, akiangalia. Angalikuwa mteja wa sanduku moja na daftari moja tungebishana, na yeye ni mtu anayesikilizwa na wauza maziwa wenzake.

Ila kilichobadilisha kweli namna tunavyofanya kazi ni ripoti ya faida na hasara ya kipindi cha masika. Aprili na Mei watalii wanapungua, loji nyingine zinafunga, na hapo ndipo zinapotengeneza vyumba vya baridi. Fundi anafanya kazi usiku na mchana. Programu ikahesabu ankara zote hizo kuwa mapato, ikatuambia tuna faida nzuri. Nikafungua Sanduku, Lipa Namba na Benki: pakavu. Mdogo wangu akaniuliza, "Dada, hiyo faida iko wapi?" Iko kwa loji, nikamwambia, na loji zinalipa wageni wakirudi, Juni kuelekea Julai na kuendelea. Wakati huo huo TRA inalipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Awamu ya Juni inakukuta umetengeneza faida ambayo hujaishika.

Kwa hiyo sasa nachapa karatasi mbili pamoja: faida na hasara, na salio la kila mahali pesa inapolala. Hakuna anayeruhusiwa kusoma moja bila nyingine. Tuliongeza akaunti ya Akiba ya kodi, ambayo inalishwa wateja wa mabucha wakilipa, kwa sababu hao hawana msimu. Na kazi yoyote ya loji yenye vifaa vya gharama sasa inaanza kwa malipo ya awali ya nusu. Nusu hiyo naiandika upande wa madeni, si mapato, maana mpaka chumba kipoe bado ni pesa ya mteja iliyo mikononi mwetu.

Hapa bado tunavutana. Mdogo wangu akiona salio la benki limejaa anataka mtungi mpya. Mimi namwonyesha kwamba sehemu kubwa ni ya loji ya Karatu ambayo kazi yake bado hajaigusa. Loji moja imekataa masharti ya nusu na kwenda kwa fundi mwingine. Yeye anasema tumepoteza mteja. Mimi nikafungua taarifa ya mteja huyo, nikamwonyesha ankara zake za nyuma zilichukua muda gani kulipwa, na gesi kiasi gani tulimwazima kwa muda wote huo. Hajakubali, lakini ameniomba nimchapie taarifa kama hiyo kwa kila loji kabla ya kupanga kazi za masika yajayo.